Dawa ya Mzee Ndaro ni Chungu

Sogeeni. Anayechochea moto aendelee kuchochea, maana mikono ina kazi yake na masikio yana yake. Zamani ninayowapeleka haina tarehe. Ni zamani ya ukungu, dunia ilipokuwa ingali jikoni na haijaonjwa. Watu walikuwapo, nyumba zilikuwapo, na majirani wenye midomo walikuwapo pia, hao hawakuchelewa kuumbwa. Kitu kimoja tu hakikuwapo. Hapakuwa na uchungu.

Sisemi hapakuwa na shida, shida zilikuwa tele. Nasema ule uchungu unaoshika nyuma ya ulimi ukakufanya ufumbe jicho moja. Katika nchi iliyoitwa Utamuni, bondeni, nyuma ya vilima vya minazi, watu walijua utamu, walijua chumvi, walijua ukali wa ndimu changa, wakaishia hapo. Majani ya kando ya njia yalitafunwa na wapita njia kwa raha zao. Nyongo ya kuku iligombaniwa na watoto. Na neno "chungu" katika vinywa vya watu wale lilikuwa chungu cha udongo, cha kupikia, chenye masizi chini na mvuke juu. Najua kuna na yule mdudu anayetembea kwa misafara, lakini huyo hana nafasi katika hadithi hii, msinikatishe.

Utamuni kula ndiko kulikokuwa kupenda. Mtu akifurahi alipikiwa, akinuna alipikiwa, na akifiwa alipikiwa zaidi, mpaka machozi yakakosa njia ya kupita. Hakuna aliyelia matanga Utamuni, walikula matanga. Na desturi iliyokuwa juu ya desturi zote ilikuwa hii: chungu kilicholetwa mlangoni hakirudishwi. Kukirudisha chungu cha mtu kulikuwa sawa na kumwambia kwamba wewe na yeye hamjuani. Tangu nchi ile iwe nchi, hakuna aliyewahi kuthubutu.

Sasa, kwa kuwa hapakuwa na cha kuliambia tumbo "basi", chakula kilishuka, kikajikunja, kikalala. Ndivyo walivyosema wenyewe: "Niache kidogo, chakula changu kimelala." Basi mtu alilala na chakula chake, wote wawili, mpaka chakula kiamke kwa hiari yake. Ungepita Utamuni jua likiwa kichwani ungesikia nyuki na mikoromo tu. Ndoto zilikuwa nyingi kuliko wenyewe, zikatangatanga kutoka nyumba hadi nyumba. Mtu aliweza kuota ndoto ya jirani yake, na jioni akaenda kumrudishia. Hata moshi wa jikoni ulipanda polepole, ukisita juu ya mapaa kana kwamba umesahau ulikokuwa ukienda.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke kijana aliyeitwa Mize, mkaza mwana wa Mzee Ndaro, yaani mke wa mwanawe. Mumewe aliugua homa akafa kabla ya mwaka wa ndoa kwisha. Watu wakampikia Mize wali, maboga na kunde za nazi, naye akala kama alivyofunzwa, na kilio chake kikazikwa huko chini pamoja na chakula. Kwa kawaida mjane alirudi kwao. Mize hakuwa na kwao, wazazi wake walikuwa wametangulia zamani. Ndugu za Ndaro walipoanza kuuliza ataondoka lini, Ndaro aliwatazama akasema, "Mwanangu mmoja amekwenda. Huyu mwingine anakwenda wapi?" Maneno yakaishia hapo, na Mize akampenda yule mzee kuanzia siku hiyo kuliko alivyompenda mtu yeyote aliye hai.

Mzee Ndaro alikuwa mshona makuti. Hapakuwa na paa Utamuni ambalo hakuliezeka au kuliziba. Alikuwa mtu wa mzaha. Akiwa juu ya paa la mtu aliweza kuchungulia chini na kutangaza kinachopikwa, na kama ni kitamu alikaa huko juu mpaka kiive. Watu walimpenda, na Utamuni tumeshasema kupenda ni nini.

Mwaka mmoja, baada ya mavuno, nyumba nyingi ziliezekwa upya na kila nyumba ikamfanyia karamu. Ndaro akala kwa hawa, akala kwa wale, akarudi nyumbani akajilaza kama kawaida. Chakula kikalala. Lakini safari hii hakikuamka. Tumbo likavimba, likakaza kama ngozi ya ngoma, pumzi ikawa inapanda kwa ngazi. Usingizi nao ukamkimbia, na katika nchi nzima iliyolala Ndaro akawa peke yake macho, akihesabu makuti ya paa lake mwenyewe na kuyaona kasoro.

Mchana mmoja akasinzia, kidogo tu, na katika kusinzia huko akamjia marehemu mkewe, Tatu. Alisimama mlangoni na kaniki yake ile ya kulimia, hakusalimu, maana hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa maneno mengi. Akasema, "Dawa yako ni chungu, na imo mlangoni kwako." Kisha akaondoka akifunga mkaja wake vizuri kiunoni, kama mtu aliyeacha kitu motoni.

Ndaro alimweleza Mize. Mize, kwa furaha ya kusikia kuna dawa, akamweleza jirani juu ya ua. Hilo ndilo kosa alilolifanya, maskini, na nani asingelifanya? Kabla kivuli hakijahama, Utamuni yote ilijua: dawa ya Mzee Ndaro ni chungu. Wakaelewa vile wangeelewa wao. Mlangoni kwa mzee vikaanza kuingia vyungu.

Kilikuja chungu cha wali wa nazi. Kikaja cha maboga yaliyochemshwa kwa asali. Kikaja cha kunde, cha ndizi, cha kuku aliyepikwa mpaka mifupa ikakata tamaa. Kila mwanamke alitaka chake kiwe ndicho chungu kilichosemwa ndotoni. Walimwambia mzee, "Tonge moja tu, baba, pengine ndilo hili." Naye Ndaro, aliyekuwa ameketi juu ya mapaa yao wote, hakuweza kumnyima mtu tonge lake. Akala la huyu, akala la yule. Midomo ikaanza kupauka, vidole vya miguu vikapoa.

Kazi ya Mize ilikuwa kupokea. Mkaza mwana hupiga magoti kizingitini, hupokea chungu kwa mikono miwili, hushukuru. Akapiga magoti, akapokea, akashukuru. Na kila mara neno "hapana" lilipanda kooni mwake, naye akalimeza. Chakula cha Utamuni kililala tumboni, lakini zile hapana hazikulala. Zilikaa macho humo ndani zikisubiriana.

Jioni moja Ndaro akamshika mkono. "Mwanangu," akasema, "nimeshiba mpaka roho haina pa kukaa."

"Basi usile tena, baba."

"Nitawaambia nini? Kila chungu kina mtu ndani yake."

"Nitawaambia mimi."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Wewe ni mkaza mwana. Ukirudisha chungu kimoja, watasema hukufunzwa. Na mimi nikiondoka utabaki nao, Mize. Ndugu zangu wanangoja sababu tu. Niache nile, nife na watu, nawe ubaki na nyumba."

Mize alikaa akimpepea, akilitazama tumbo lile likipanda na kushuka kwa shida, na alijua kwamba akiendelea kupokea atamzika, na akikataa atafukuzwa. Alikuwa na hofu, hilo niliseme wazi. Msidhani watu wa hadithi hawaogopi.

Asubuhi yake akaja Bi Mboni, mke wa Jumbe. Bi Mboni alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, na chungu chake kilikuwa kikubwa kuliko vyote, bokoboko lililosongwa na kuku na samli, likibebwa na wanawake wawili. Mize alikuwa amesimama kizingitini. Hakupiga magoti.

"Hodi," akasema Bi Mboni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipishe, chungu kizito hiki."

"Hapana."

Wale wanawake wawili wakatazamana. Bi Mboni akainamisha kichwa kama mtu aliyesikia ndege asiyemjua. "Umekwamwa na kitu?" akauliza, na hakuwa anamkejeli, alidhani kweli mtoto wa watu amekwamwa.

"Sikukwamwa, mama. Limetoka. Chakula chako ni kizuri na hakitaingia humu. Vyenu vyote havitaingia tena. Baba anakufa kwa vyungu vyetu. Mnampenda, najua mnampenda, na mnamuua."

Maneno yale yalipopita ulimini yaligeuka. Mize alisikia nyuma ya ulimi kukikaza, taya likamsisimka, jicho likajifumba lenyewe. Ladha ile hakuwa na jina lake. Alidhani amelishwa udongo, akageuka upande akatema mate pembeni ya kizingiti. Na hilo la kutema likaonekana ni tusi juu ya tusi. Bi Mboni akamtazama kwa muda mrefu, macho yakamlowa kidogo, akawaashiria wenzake. Chungu kikainuliwa. Kikarudi kilikotoka, njia nzima, watu wakikitazama kikipita kama wanaotazama jeneza.

Tangu hapo hakuna aliyekanyaga kwa Ndaro. Waliokuwa wameacha vyungu vyao walituma watoto kuvichukua. Mize alisalimu juu ya ua, salamu ikarudi bila kujibiwa. Adhuhuri, kaka mkubwa wa Mzee Ndaro akatuma neno fupi: "Mazishi yakiisha, afunge mzigo wake."

Mize akaketi kizingitini. Ndani mzee alikuwa akikoroma mkoromo mbaya, wa mtu anayeburuta kitu kizito. Na pale, kwa mara ya kwanza, Mize akalia. Alimlilia mzee. Alipomaliza kumlilia mzee akajikuta anamlilia mumewe, ambaye hakuwahi kumtolea chozi kwa sababu alishibishwa mapema. Aliwalilia na wazazi wake. Kilio kilitoka kirefu, bila sauti kubwa, machozi yakidondoka pale pale alipotema. Jua lilikuwa limesimama. Nyuki walikuwa wamenyamaza. Nchi nzima ilikuwa ndotoni, na pengine ndoto moja ilipotea njia ikapita karibu naye, kwa maana aliuona udongo ukijisogeza.

Ukajisogeza kama mtoto anayegeuka usingizini. Pakachomoza jani, likafuatiwa na jingine, majani membamba yenye kingo za menomeno, na juu yake ua dogo la njano lililofunguka huku analitazama. Mize alinyoosha mkono akavunja jani moja. Likatoa utomvu mweupe kama maziwa. Akalitia mdomoni.

Ilikuwa ladha ile ile. Ladha ya neno lake.

Akakaa na jani mdomoni, jicho moja limefumba, na taratibu ikamjia sauti ya ndoto ya mzee. Dawa yako ni chungu. Imo mlangoni kwako. Mize akaanza kucheka na machozi hayajakauka. Nchi nzima ilikuwa imebeba vyungu, mmoja nyuma ya mwingine, na Tatu hakuwa amesema habari ya chungu cha udongo hata kidogo. Alitaja kitu ambacho kilikuwa bado hakijazaliwa, na kwa kuwa hakikuwa na jina, alikiita kwa jina la kuazima.

Vyungu vyote vilikuwa vimechukuliwa, kikabaki kimoja kidogo alichokuja nacho alipoolewa. Akachuma majani, akayachemsha, akamwaga maji ya kwanza, akaweka mengine. Akamwinua mzee, akamwegemeza kifuani pake.

"Hii ni nini?" Ndaro akauliza.

"Ni chungu, baba."

"Sioni chungu. Naona majani."

"Chungu kimo ndani ya majani. Tafuna."

Ndaro akatafuna. Uso wake ukasafiri, ukaenda mbali, ukarudi ukiwa na mikunjo mipya. Alitaka kutema, Mize akamwekea kiganja mdomoni, mkaza mwana kumgusa baba mkwe mdomo, mambo ambayo Utamuni hayakuwa yamesikika. Mzee akameza. Mate yakamjaa kinywani, mengi, kama kisima kilichopata mvua. Akameza tena. Kisha kule chini kitu kikanguruma, kikanyamaza, kikanguruma tena, na chakula kilichokuwa kimelala siku zote zile kikaamka kwa mshtuko na kuanza kuuliza njia. Mzee akapiga mbweu. Samahanini, lakini hadithi ni hadithi, akapiga mbweu iliyosikika kwa Jumbe. Halafu akahema, pumzi ndefu, ya kwanza isiyo na ngazi.

"Ongeza," akasema.

Alikula majani yale jioni na asubuhi, na tumbo likalegea, na vidole vya miguu vikapata joto. Alipoweza kusimama, akashika ukuta, akamwambia Mize, "Kipike tena. Kibebe. Tunakwenda mahali."

Wakaenda kwa Jumbe. Mzee alitangulia akitembea kwa mkongojo wa kijiti cha kuti, Mize nyuma na chungu chake kidogo kichwani. Watu walitoka milangoni wakiwa na usingizi usoni. Wengine walidhani ni ndoto ya mtu, wakarudi kumwamsha mwenyewe. Bi Mboni alikuwa ameketi barazani. Alipomwona Mize, akageuza uso.

Ndaro akaketi bila kukaribishwa. "Mwanangu amekurudishia chungu chako," akasema. "Mimi nimekuletea changu."

Chungu kililetwa mlangoni, na desturi ya nchi iliyovunjwa juzi na Mize ilikuwa bado desturi ya Bi Mboni. Asingeweza kukirudisha. Akafunua, akachota kwa vidole, akala.

Watu waliokusanyika wakauona uso wake ukikunjamana. Wakangoja ateme. Hakutema. Alitafuna polepole, akameza, akakaa akitazama mbele yake, na macho yakamjaa. Bi Mboni alikuwa amezaa binti mmoja katika maisha yake, akamzika akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na Utamuni ilimpikia siku nyingi sana. Unene ule wote ulikuwa umejengwa juu ya kaburi dogo. Sasa akalia, mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni, na watu ambao hawakuwa wamewahi kumwona mtu mzima akilia hawakujua wasimame wapi.

"Lo," akasema baadaye, kwa sauti ya chini. "Kumbe huu ndio uchungu."

Ndivyo neno lilivyozaliwa, na mpaka leo uchungu wa jani na uchungu wa kufiwa vina jina moja. Bi Mboni akajifuta, akamtazama Mize aliyekuwa amepiga magoti pembeni. "Siku ile pale mlangoni, ndiyo ladha hii uliyokuwa nayo mdomoni?"

"Ndiyo, mama."

"Na ukasimama nayo peke yako."

"Ndiyo, mama."

Bi Mboni akageuka kumtazama kaka wa mzee, aliyekuwa amesimama nyuma ya watu akijifanya anaangalia mawingu. "Mtoto huyu haendi popote," akasema. "Mwenye mzigo wa kufunga afunge wake." Kisha akakisogeza kile chungu kidogo kwa aliyekuwa karibu naye, na huyo akala, akakisogeza kwa mwingine. Siku hiyo Utamuni kulisikika vilio na mbweu, na jua lilipoinama watu walikuwa macho.

Jani lile Mzee Ndaro ndiye aliyelipa jina. Alisema ameona ng'ombe waliolala njiani wakiamshwa na mchunga wao na kupelekwa kwao, na ndivyo alivyosikia tumboni mwake, kwa hiyo akaliita mchunga. Uchungu nao, ulipoona umekaribishwa, ukaita jamaa zake. Ukaingia kwenye shubiri, ukaingia kwenye nyongo ya kuku, watoto wakaacha kuigombania.

Na tangu siku hiyo mchunga huota pembeni mwa milango na kando ya njia, haupandwi wala haubembelezwi. Aliyeshiba kupita kiasi huwekewa mchunga kando ya ugali, mate yakamjaa na tumbo likakumbuka kazi yake. Wapishi humwaga maji ya kwanza na kuyaacha ya pili, kwa sababu ukiuondoa uchungu wote umebaki na majani tu. Na tangu siku hiyo, kwa watu waliotoka Utamuni, bibi harusi akiingia nyumbani kwa mumewe chungu chake cha kwanza ni cha mchunga, nacho humpelekea baba mkwe mbele ya watu wote. Mzee hula mpaka chini. Akimaliza, hufuta mdomo akamwambia, "Mwanangu, siku utakayoniona nakosea, usininyime uchungu."